Ngoma, Neno na Mguu: Juu ya Maana ya Michezo ya Ngoma katika Nchi ya Wahaya

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi mwendo wa mwili na sauti ya ala zinavyoshirikiana kuzaa maana ambayo haimo katika mwendo peke yake, wala katika sauti peke yake, wala hata katika maneno yanayoimbwa. Mifano yangu mingi nimeitwaa katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, na hasa katika ngoma ya omutoro, iliyokuwa ngoma ya heshima mbele ya watawala wa nchi hiyo. Sisi tunaojifunza lugha tumezoea kwenda kwa mzee na daftari, kuandika maneno ya wimbo, kuyatafsiri, kisha kurudi nyumbani tukiamini kwamba tumekwisha kuuhifadhi wimbo ule. Nataka kuonyesha kwamba mara nyingi tumehifadhi nusu tu, na kwamba nusu ile iliyosalia nyuma yaweza kuigeuza hiyo tuliyoichukua.

I. Neno lenyewe

Yafaa tuanze na neno ngoma. Ni neno la kale sana katika lugha za Kibantu, nalo limeenea kutoka pwani mpaka ndani ya Kongo kwa umbo lililo karibu moja. Katika Kiswahili lina maana ya chombo kilichowambwa ngozi. Tena lina maana ya mchezo unaochezwa chombo hicho kikipigwa. Tena lina maana ya mkusanyiko wote wa watu, pamoja na vyakula vyao, mavazi yao na mashindano yao. Na katika ngoma za pepo lina maana ya uganguzi pia. Mtu akisema, “Leo kuna ngoma mtaani,” hakuna amwulizaye kama ni ngoma ya kusikilizwa au ya kutazamwa. Swali kama hilo halina nafasi katika lugha yetu.

Kitenzi nacho chatufundisha jambo hilo hilo. Malcolm Guthrie na wengine waliolinganisha lugha za Kibantu wameonyesha mzizi wa kale unaoonekana leo katika mbina ya Wasukuma, katika kubyina kwa Wanyarwanda, na katika okuzina kwa Waganda. Mahali pengi mzizi huo una maana ya kucheza ngoma, na mahali pengine una maana ya kuimba. Kiswahili kimechagua neno cheza, ambalo hutumika pia kwa mchezo wa watoto, kwa mpira na kwa bao. Kwa hiyo mtu anayetaka kutenga muziki na mchezo wa mwili, kana kwamba ni mambo mawili yaliyokutana njiani, atapata taabu kuipata hoja yake katika lugha zetu.

Katika nchi za Maziwa Makuu neno hili lina uzito mwingine. Katika Kinyarwanda na Kirundi ingoma ni ngoma ya kupigwa, na tena ni enzi, yaani utawala wa mfalme. Katika Ankole ngoma kuu iliyoitwa Bagyendanwa ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake, na watu waliipelekea sadaka na malalamiko yao. Wahaya nao wanaliweka neno engoma katika maana hizo mbili. Basi mtu aliyecheza mbele ya Mukama hakuwa akifuata mapigo tu. Sauti aliyoiitikia kwa miguu yake ilikuwa sauti ya enzi yenyewe. Huwezi kuieleza hatua yake kwa kusema kwamba ilikuwa nzuri au nyepesi. Yakupasa uulize ilikuwa ikimjibu nani.

II. Mbele ya Mukama

Kabla ya utawala wa wageni nchi ya Wahaya ilikuwa na falme kadha wa kadha, miongoni mwao Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Kianja na Ihangiro. Kila Mukama alikuwa na boma lake lililoitwa kikale, na huko ndiko omutoro ulikokuwa na kwao. Vitabu vya zamani, kama kile cha Hermann Rehse juu ya Kiziba kilichotoka mwaka 1910, na kile cha F. X. Lwamgira juu ya historia ya Kiziba na watawala wake kilichotoka kwa Kihaya mwaka 1949, vimetuhifadhia mengi ambayo bila hivyo yangalipotea. Lakini kitabu ni kitabu. Hakiwezi kutuonyesha bega linavyoinama mtu anapotaja jina la mkubwa wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa okwebuga. Katika desturi hii mtu husimama mbele ya mtawala, mkuki mkononi, akajisifu kwa maneno ya haraka: ametoka wapi, amefanya nini, hakuogopa nini. Sifa zenyewe huitwa ebyebugo. Jirani zao wa Ankole wana desturi ya namna hiyo hiyo, nayo H. F. Morris aliiandikia kitabu mwaka 1964. Msomaji anayeyasoma maneno haya katika karatasi huona majigambo: mimi, mimi, mimi. Akiwa mwalimu wa fasihi atayaweka katika fungu la majigambo, na hatakosea. Lakini na atazame mambo yalivyopangwa. Anayejisifu amesimama, anayesifiwa hatajwi sana, naye ameketi. Mwenye silaha ndiye anayekuja, na asiye na silaha ndiye anayengojea bila kushtuka. Maneno yanasema, “Mimi ni mkuu.” Mwili unasema, “Ukuu wangu huu nimeuleta kwako.” Maana ya tendo lote ni kiapo cha utii, na kiapo hicho hakikuandikwa katika mstari hata mmoja. Kimo katika umbali ulioko kati ya neno na mwili.

Tulinganishe na enanga. Hiki ni chombo cha ubao uliochimbwa, chenye nyuzi zipatazo saba au nane, na mpigaji wake huketi chini akasimulia habari ndefu za mashujaa. Tendi kama Rukiza, Kachwenyanja na Mugasha zimejulikana kwa njia hiyo, na M. M. Mulokozi alizichunguza kwa kirefu katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Mpigaji wa enanga mikono yake ina kazi, na miguu yake imetulia. Mzigo wa maana umewekwa juu ya sauti na nyuzi. Ndiyo sababu utendi wa enanga ukiandikwa hupungukiwa, lakini husimama. Hali omutoro ukiandikwa maneno yake tu, hubaki mistari michache inayorudiwarudiwa, na msomaji hushangaa kwa nini watu walikusanyika usiku kucha kwa ajili ya maneno machache kama yale. Jibu ni kwamba hawakukusanyika kwa ajili ya maneno.

III. Jinsi maana inavyozaliwa

J. H. Kwabena Nketia, alipoandika mwaka 1963 juu ya upigaji ngoma wa Waakan wa Ghana, alitenga njia tatu: ngoma ya kutoa ishara, ngoma ya kusema maneno, na ngoma ya kuchezwa. Mgawanyo huu unafaa sana, mradi tusisahau kwamba njia hizo huweza kukutana katika pigo moja. Waganda, walio jirani wa Wahaya kwa upande wa kaskazini, wanatupa ushahidi. Kila ukoo wao una omubala, yaani mapigo ya ngoma yenye maneno yake, na mtu wa ukoo akiyasikia mapigo huyasikia maneno, ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Ngoma yao ya baakisimba hufasiriwa kwa namna hiyo pia. Jina lake lina maana ya “waliipanda”, na masimulizi yao husema kwamba ni sifa ya wale walioipanda migomba iliyotoa pombe ya Kabaka. Mapigo yanataja wapandaji, na mchezaji anayapokea kwa kiuno na kwa nyayo. Sylvia Nannyonga-Tamusuza, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameonyesha kwamba katika ngoma hiyo hata mambo ya uume na uke huelezwa kwa mapatano ya mpigaji na mchezaji, wala si kwa wimbo tu.

Kwa upande wa lugha tukumbuke kwamba Kihaya ni lugha ya toni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1977 na Byarushengo, Duranti na Hyman umeonyesha jinsi toni za juu na za chini zinavyofanya kazi katika sarufi ya lugha hiyo. Mwimbaji wa lugha kama hii hana uhuru wote wa kupandisha na kushusha sauti, kwa kuwa neno lenyewe lina kimo chake. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Chenyewe hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Basi wimbo wa Kihaya ukitafsiriwa kwa Kiswahili, hata kama maana ya kila neno imetunzwa, mkazo huhama, na mguu uliokuwa ukianguka juu ya neno zito huanguka juu ya kiungo kisicho na uzito. Tafsiri ni sahihi katika kamusi, na ni mbovu katika uwanja wa ngoma.

Kwa kadiri nilivyoona, mwendo na sauti huhusiana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kukubaliana: ngoma inapiga, na mguu unapiga pamoja nayo, neno likapata nguvu mara mbili. Ya pili ni kujibizana: ngoma inaacha nafasi, na njuga za mguuni zinaijaza. Hapo mchezaji mwenyewe amekuwa ala, na ukimwondoa wimbo una tundu. Wanyoro na Watooro wameiita ngoma yao moja runyege kwa jina la manyanga yafungwayo miguuni, na kwa kufanya hivyo wamekiri kwamba sauti ya mchezaji ni sehemu ya muziki. Ya tatu ni kupingana: sauti inasema hili, na mwili unasema lile. Njia hii ya tatu ndiyo yenye maana nyingi kuliko zote, nayo ndiyo tunayoipoteza kwanza tunapochukua maneno peke yake.

Huko Marekani mpangaji wa michezo Merce Cunningham na mtunzi John Cage walijaribu kwa miaka mingi kuvitenga vitu hivi: kila mmoja akatunga kazi yake mbali na mwenzake, nazo zikakutanishwa mbele ya watazamaji tu. Hata hivyo mtazamaji hakukubali kwamba hazihusiani. Macho na masikio yake yalitafuta mapatano, na yalipokosa mapatano yakafasiri ugomvi. Kama hali ni hii mahali ambapo watungaji wenyewe wamekataa uhusiano, je, si zaidi mahali ambapo uhusiano umetunzwa na vizazi vingi?

IV. Kosa langu la Kashai

Sina haki ya kuwalaumu wenzangu kabla sijaeleza kosa langu mwenyewe. Nilihudhuria arusi moja huko Kashai, katika mji wa Bukoba, nikiwa na chombo cha kunasia sauti. Wanawake waliimba wimbo wa kumsifu mwenye nyumba: nyumba yake ni pana, ua wake haukosi watu, migomba yake haina ukame. Ngoma zilikuwa za furaha. Nilikuwa nimeketi nyuma ya watu, na sikuona vizuri. Niliporudi niliyaandika maneno, nikayatafsiri, nikaupa wimbo ule jina la wimbo wa sifa, na nikausoma hivyo mbele ya wenzangu katika mkutano wa kitaaluma.

Mwaka uliofuata nilirudi Kashai nikawasikilizisha wale wanawake sauti zao. Mama mmoja wa makamo aliniuliza kwa upole wimbo huo nimeuandika kuwa nini. Nilipomwambia, alicheka, akawaambia wenzake, kisha akasimama. Alinionyesha kwamba katika kila sifa wachezaji hurudi nyuma hatua moja, nyuso zao zikimwelekea baba mwenye nyumba, mpaka wanapofika mlangoni wa ua. Bibi arusi yuko katikati yao, naye hurudi nyuma pamoja nao. Nyumba ni pana, na wao wanazidi kuwa mbali nayo. Ua haukosi watu, na mmoja wao anaondoka. Ule haukuwa wimbo wa sifa. Ulikuwa wimbo wa kuaga, na kila neno la sifa lilikuwa hesabu ya kile anachokiacha yule binti. Ndipo nikakumbuka kwamba shangazi zake walikuwa wakilia, nami nilikuwa nimeandika pembezoni mwa daftari kwamba walilia kwa furaha.

Nilikuwa na toni zote, na silabi zote, na hakuna neno nililolikosea. Kosa langu lilikuwa katika mambo ambayo daftari langu halikuwa na safu ya kuyaandikia.

V. Ngoma isiyo na wa kuielekea

Kosa la mtu mmoja hurekebishwa kwa safari ya pili. Lakini yako mabadiliko ya historia yasiyorekebishwa hivyo. Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani huko Bukoba mwaka 1890, na Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Tangu hapo kikale kilianza kuwa na washindani: boma la serikali, kanisa, shule na soko la kahawa. Hata hivyo watawala waliendelea kuwapo katika zama za Wajerumani na za Waingereza, na omutoro ulikuwa bado na mtu wa kuuelekea. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, sheria ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Kwa siasa ya umoja wa taifa jambo hilo lilikuwa na sababu zake, wala si kazi yangu hapa kulihukumu. Kwa ngoma, maana yake ni kwamba kiti kilichokuwa mbele ya wachezaji kilibaki kitupu.

Wakati huo huo taifa lilizihitaji ngoma. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri, alisikitika kwamba vijana walijua dansi za Ulaya na hawakujua ngoma za kwao, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Kisha likaundwa kundi la ngoma la taifa, na mwaka 1981 Bagamoyo ikapata chuo cha sanaa. Kazi hiyo iliziokoa ngoma nyingi zisisahaulike, nasi tunapaswa kushukuru. Lakini ngoma iliyokuwa ya duara au ya kumwelekea mtu ilipangwa upya iwaelekee watazamaji walioketi upande mmoja, na ngoma ya usiku mzima ikakatwa iwe ya dakika chache. Miguu ilibaki ile ile. Mwelekeo ulibadilika, na mwelekeo, kama tulivyoona, ni sehemu ya maana. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walipotoa kitabu chao juu ya fasihi na sanaa za maonyesho mwaka 1976, waliitia ngoma katika hesabu ya sanaa hizo; na Mulokozi, alipozigawa tanzu za fasihi simulizi mwaka 1989, alisisitiza muktadha, yaani mahali, wakati, mtendaji na hadhira. Nami naongeza kwamba hadhira si watu tu; ni upande gani wa mwili wa mchezaji wanauona.

Je, omutoro umekufa? Sidhani. Katika arusi za Kashai wachezaji bado wanakielekea kiti, na baba wa bibi arusi au mgeni wa heshima ndiye aliyekikalia. Heshima iliyokuwa ya nchi imekuwa heshima ya nyumba. Hilo ni badiliko la maana, kama vile neno linavyohama kutoka maana moja mpaka nyingine, na sisi wana wa lugha hatusemi kwamba neno limekufa kwa kuwa limehama. Tunaandika lilikotoka na lilikofika.

Mfano wa mwisho ni wa siku zetu. Mwaka 2001 Saida Karoli, mwimbaji wa Kagera, alisikika nchi nzima kwa wimbo wake “Maria Salome”, ambao wengi waliuita “Chambua kama Karanga”. Sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa ya Kihaya, na wengi waliocheza wimbo ule Dar es Salaam na kwingineko hawakuijua lugha hiyo. Walishika maneno machache ya Kiswahili, na mengine wakayapokea kwa mabega na kwa miguu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia wimbo huo kutunga “Salome”, na ukaenda mbali zaidi kwa mwendo mwingine wa mwili. Wako wanaosema kwamba wasiojua Kihaya hawakuelewa kitu. Mimi nasema walielewa kitu, ila si kile kile walichoelewa Wahaya. Wahaya walisikia maneno yakiwaelekeza mwili. Wengine waliona mwili ukiwaelekeza maneno.

VI. Neno la mwisho kwa watafiti

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila andiko la wimbo wa ngoma liwe na safu tatu: ya maneno pamoja na toni, ya mapigo, na ya miguu na mikono, zikipangwa ili msomaji aone kitu gani kinaangukia kitu gani. Pili, iandikwe daima nani anaelekewa, na kwa umbali gani, na kama umbali huo unaongezeka au unapungua. Tatu, tafsiri isitolewe mpaka wachezaji wenyewe, na si waimbaji tu, wameulizwa. Vyombo vya kunasia picha havina ughali uliokuwapo zamani. Kisingizio hicho kimekwisha.

Andiko langu la Kashai nimelisahihisha. Nimefuta jina la wimbo wa sifa, nikaongeza safu ya miguu, na pembeni, palipoandikwa kwamba shangazi walilia kwa furaha, nimepiga mstari. Katika masanduku ya maktaba zetu mna maandiko mengi ya nyimbo yaliyokusanywa kama nilivyokusanya mimi, na baadhi ya watu waliozicheza wangali hai Bukoba na Muleba. Na waulizwe walipiga hatua gani, maadamu wanaweza kusimama wakatuonyesha.